Faili la zamani halifunguki? Angalia kwanza herufi za mwanzo

Wadau wa steshenari, hapa Kirumba, Mwanza, wateja hutuletea kila aina ya mafaili ya zamani: mihtasari ya vikao vya wavuvi, katiba za vikundi, tasnifu za miaka ya tisini. Likigoma kufunguka, lawama ni kwa kompyuta yetu. Mara nyingi faili ni zima, ila programu haijalitambua au imekatazwa kulifungua.

1. Nakili faili kwenye kompyuta, chomoa flashi, fanyia kazi nakala. Ukikuta kwenye flashi, kabla ya kunakili, folda zimegeuka njia za mkato, hicho ni kirusi, usizibofye. Safisha kwa antivirasi, kisha kwenye dirisha la amri (cmd) andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Folda zilizofichwa zitaonekana.

2. Tazama ukubwa. Faili la KB 0 halina kitu. Na linaloanza na ~$ si waraka: Word hulitengeneza waraka ukiwa wazi, na ndani yake kuna jina la mtumiaji tu. Mwambie mteja arudi alikonakili, faili lenyewe huenda bado liko huko.

3. Hapa ndipo penye kazi. Fungua nakala kwa Notepad. Utaona takataka tupu, usihangaike nazo. Soma mwanzo tu, halafu funga bila kuhifadhi.
PK: kwa kawaida ni docx, iliyoanza na Word 2007, ingawa xlsx ya Excel na zip nazo zina alama hiyo.
ÐÏ: kwa kawaida ni doc ya Word 97 hadi 2003, ingawa Excel za enzi hizo nazo zina alama hiyo.
{\rtf: ni RTF.
ÿWPC: ni WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia.
Nafasi tupu mwanzo hadi mwisho: maandishi hayamo, pengine umeme ulikatika faili likihifadhiwa. Omba nakala nyingine.

4. Sasa ndipo ubadilishe herufi za baada ya nukta, zifuate ulichokiona. Wengi huanzia hapa kwa kubahatisha, wakaishia kulibadilishia faili jina mara tano.

5. WordPerfect na Works (programu ya zamani ya Microsoft) ziachie LibreOffice. Ni programu ya bure na inazisoma vizuri kuliko Word. Hifadhi upya kama docx.

6. Word ikisema aina hiyo imezuiwa, nenda File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, File Block Settings, uondoe tiki kwenye toleo husika. Ukimaliza irudishe, kizuizi kiliwekwa kwa ajili ya usalama.

7. Ikishindikana, kwenye dirisha la Open chagua "Recover Text from Any File". Picha na majedwali vitapotea, maneno yatabaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Sengerema: Nina faili la .wps. LibreOffice inaleta alama za ajabu. Je, limeharibika?
Jibu: Si lazima, ndugu. Microsoft Works na WPS Office zote hutumia .wps. Kama mteja aliandika kwenye simu, jaribu WPS Office kwanza.

Swali, Nyegezi: Docx inasema imeharibika, na mwanafunzi anawasilisha kesho!
Jibu: Pole yake. Badilisha jina la nakala liishie na .zip, uifungue. Ndani kuna folda ya word; maandishi yako kwenye document.xml, na picha kwenye media. Zip ikikataa kufunguka, ijaribu na 7-Zip, ina uvumilivu zaidi.

Swali, Ukerewe: Disketi imeota ukungu. Niiingize tu?
Jibu: Hapana. Ukungu utachafua kichwa cha kusomea, na disketi inayofuata itaumia.

Swali, Igoma: Kwa nini nisipakie tu kwenye tovuti za kubadilisha mafaili?
Jibu: Kwa tangazo la harusi, sawa. Katiba ya kikundi ina majina, simu na sahihi za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muulize mwenye faili kwanza, akikataa tumia LibreOffice hapo hapo dukani.