Somo: Kupiga Mandhari ya Usambara kwa Filamu Nyeusi na Nyeupe

Anza kwa kuchagua saa. Genge la Irente, karibu na Lushoto, linatazama nyika iliyo upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi na mapema kivuli cha mlima wenyewe hufunika mashamba ya mkonge ya Mazinde, na jioni jua humjia mpiga picha usoni. Kwangu mimi saa tatu hadi saa nne asubuhi ndiyo bora, kwa kuwa kivuli kimeshapungua nayo migongo ya vilima bado ina umbo; baada ya hapo jua la karibu na ikweta hupanda upesi hadi utosini.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote, ni kupima mwanga. Sehemu ya giza isiyopata mwanga wa kutosha haiachi chochote kwenye negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa), na hakuna dawa ya kusafishia filamu inayoweza kuirudisha, ilhali sehemu angavu zinaweza kutulizwa kwa kufupisha muda wa kusafisha. Basi elekeza kipimamwanga kwenye kivuli unachotaka kionekane vizuri, tuseme chini ya migomba, kisha punguza stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa sababu kifaa hukichukulia kila kitu kuwa cha kijivu cha wastani. Kikisoma tundu la lenzi f/8 kwa sekunde 1/30, tumia f/16 kwa kasi hiyohiyo, kamera ikiwa juu ya stendi. Hapo utapata pia ukali wa picha kuanzia majani ya mbele hadi upeo wa macho.

Tatu ni filta, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi. Ya njano hula stopu moja hivi, ya chungwa mbili, nyekundu tatu. Nyekundu hutia anga giza na kukata utusitusi wa buluu wa mbali, lakini huyafanya majani mabichi kuwa meusi tii, na Usambara ni nchi ya majani. Nashauri ya njano.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, filta nyekundu itaondoa ukungu wa asubuhi?

Jibu: Marahaba. Haitauondoa. Matone ya ukungu hutawanya rangi zote karibu sawa, tofauti na utusitusi wa buluu. Subiri ukungu uinuke, au uufanye sehemu ya picha.

Swali: Niko Tanga mjini. Maji ya bomba yana joto kupita nyuzi 20 zilizoandikwa kwenye dawa. Nifanyeje?

Jibu: Weka chupa za dawa na tangi katika beseni la maji yenye barafu, ukipima kwa kipimajoto mpaka zifike 20. Joto likizidi, muda wa kusafisha hufupika, na ukishuka chini ya dakika 5 ni rahisi anga kutoka na mabaka.

Swali: Kijijini hakuna friji. Filamu iliyokwisha kupigwa niihifadhi wapi?

Jibu: Katika kopo lake lililokazwa kifuniko, ndani ya chumba cha kivuli, mbali na bati la paa, na kamwe isibaki ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ipeleke ikasafishwe mapema.