Jinsi ya kucheza na masta wa chesi anayezunguka bodi nyingi

Ukipata nafasi ya kukaa na masta anayecheza na watu kibao kwa mpigo, jua kwanza kwa kawaida yeye anachukua nyeupe, na wewe unasogeza kete akishafika mbele yako, sio kabla. Kwa hiyo ule muda yuko kwa wenzako piga hesabu, amua hatua yako alafu kagua tena kama farasi au malkia hajabaki bila ulinzi, maana hapo ndo wengi wanaliwa. Mfalme mfiche mapema. Na usikimbilie kubadilishana kete eti upate sare, zikibaki chache masta ndo anakumaliza vizuri, bora mchezo uwe mgumu afikirie huku bodi zingine zinamsubiri. Ukifungwa muombe akuonyeshe ulipoharibu.