Somo: Kuweka ukuta unaofyonza sauti kwenye programu ya akustika ya chumba

Wakuu, somo hili ni la wale wanaotumia ODEON, CATT-Acoustic, I-Simpa na programu za aina hiyo, chumba wameshakichora, lakini wakibandika sponji matokeo yanakuja ya ajabu. Shika hili kwanza: programu ya miale, yaani inayofuatilia sauti kama mistari inayoruka kutoka uso hadi uso, haiijui sponji. Inachouliza ni kwamba mwale wa sauti ukigonga uso huu, nishati kiasi gani hairudi chumbani.

Hatua ya 1: Chora uso, usichore sponji. Ukuta wenye sponji ya sentimita 5 ni bapa moja, liwekwe pale ulipo uso wa mbele wa sponji. Wapo wanaochora kabari za sponji moja moja. Inapendeza macho, ila hesabu inaharibika, kwa sababu mbinu ya miale hudhani kila bapa ni kubwa kuliko urefu wa wimbi, na wimbi la 500 Hz lina karibu sentimita 69. Sponji ikifunika nusu ya ukuta, gawa ukuta vipande viwili vinavyokutana bila kupandana wala kuacha ufa. Miale hutorokea kwenye ufa.

Hatua ya 2: Kila aina ya uso iwe na leya (tabaka la mchoro) yake. Utashukuru utakapotaka kubadili malighafi.

Hatua ya 3: Jaza namba za ufyonzaji (0 ni uso unaorudisha sauti yote, 1 ni usiorudisha chochote), kila oktavu, yaani kila kundi la masafa kama 125, 250 au 500 Hz, na yake. Hapa ndipo wengi huharibu. Karatasi ya mtengenezaji huwa na NRC, namba moja iliyo wastani wa 250, 500, 1000 na 2000 Hz. Iache. Unataka jedwali zima, angalau 125 hadi 4000 Hz, lililopimwa kwa kiwango cha ISO 354. Sponji nyembamba iliyogandishwa ukutani hula sauti za juu na kuziacha za chini, kwani hewa iliyogusana na ukuta mgumu karibu haitikisiki, na sponji hufanya kazi pale hewa inapotikisika. Mtikisiko hufika kilele robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa 125 Hz hiyo ni karibu sentimita 69! Ndiyo maana mafundi huacha nafasi nyuma ya paneli. Nafasi hiyo nayo usiichore; tafuta jedwali lililopimwa na nafasi ileile.

Ukikuta 1.05 kwenye jedwali, hujadanganywa. Ni athari ya kingo za sampuli kwenye chumba cha vipimo. Andika 0.99 uendelee.

Hatua ya 4: Utawanyaji, yaani sehemu ya sauti inayorudi ikitapakaa pande zote badala ya kuruka kama mwanga kwenye kioo. Ukuta bapa usio na mabonde mpe namba ndogo, kama 0.05, uso wenye mabonde na vitu vilivyojitokeza mpe zaidi.

Hatua ya 5: Pima kwa mkono kabla ya kuamini. Kanuni ya Sabine: T = 0.161 × V ÷ A, ambapo T ni sekunde ambazo mwangwi unadumu, V ni ujazo wa chumba, na A ni jumla ya eneo la kila uso mara namba yake ya ufyonzaji. Chumba cha mita 5 × 4 × 3 kina ujazo wa 60 na nyuso za mita za mraba 94. Zote zikiwa 0.05, A ni 4.7 na mwangwi unadumu sekunde 2.06. Ukuta mmoja wa 4 × 3 ukipewa 0.8, A inakuwa 13.7 na muda unashuka hadi 0.71.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nimefuata mfano wako, programu inanipa zaidi ya sekunde 1. Nimekosea wapi?*

Huenda hujakosea. Sabine anadhani sauti imesambaa sawasawa chumbani. Hapa ufyonzaji wote uko upande mmoja, na kuta tupu zinazotazamana zinarushiana sauti bila kuupitia ukuta wenye sponji. Pandisha utawanyaji hadi 0.3 kwa majaribio. Muda ukishuka, umepata sababu. Ila usiuache hapo ili tu namba zilingane. Jiulize kama chumba halisi kina samani za kuitawanya hiyo sauti.

*Vipi besi, nayo niiamini?*

Kwa chumba hiki, hapana, chini ya takriban 220 Hz. Mpaka huo unatoka kwenye kanuni ya Schroeder: 2000 × kipeuo cha pili cha (T ÷ V). Chini yake mawimbi husimama kati ya kuta na miale haina habari nayo. Hamia mbinu ya elementi, inayogawa chumba vipande vidogo na kukokotoa wimbi lenyewe, angalau elementi 6 kwa kila urefu wa wimbi. Huko namba ya ufyonzaji pekee haitoshi, maana haisemi wimbi limerudi limechelewa kiasi gani. Utahitaji impedansi ya uso, yaani jinsi uso unavyolipinga wimbi linalougonga. Kama huna vipimo, modeli ya Delany na Bazley hukadiria kutokana na upinzani wa sponji kwa hewa inayopita ndani yake, pamoja na unene.

*Nikiweka 0.9 ukuta mzima, jirani hatasikia muziki?*

Atasikia, mkuu. Ufyonzaji unahesabu kisichorudi chumbani, haujali kimeenda wapi. Dirisha lililo wazi kwenye programu hupewa 1, na jirani anapata yote.