SOMO: Unataka kuingia kwenye briketi, bayogesi au bayodizeli? Pita hatua hizi kabla hujanunua mashine

Habari wadau, naona wengi humu mnaanza kwa kuulizia mashine, sasa mashine ndo kitu cha mwisho kabisa. Miradi ya nishati ya mimea na taka inafia kwenye malighafi, na sio miradi midogo tu, viwanda vya mwanzo vya ethanoli (pombe ya kuendeshea magari) ya mabua ya mahindi kule Marekani vilihangaishwa na mabua yenyewe, mchanga unakula visu, robota hili kavu lile limeloa, mitambo inaziba kila mara.

HATUA YA 1: Jua malighafi iko kwa nani
Andika inapatikana miezi gani na nani mwingine anaitumia, kama ni mfugaji au anayerudisha shambani kama mbolea jua una mshindani. Na usidanganyike na neno "bure", ukishafunga mashine tu ile taka inapata bei. Brazili wamefika mbali na ethanoli tangu mpango wao wa 1975 kwa sababu, pamoja na serikali kulazimisha ichanganywe kwenye petroli, makapi ya miwa yanabaki palepale kiwandani, wanayachoma wanapata mvuke na umeme wa kuendeshea kiwanda, hakuna wa kuyafuata porini.

HATUA YA 2: Pima unyevu
Hapa ndo pesa inapotea kimyakimya. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo ya mti mkavu kabisa ina nishati kama megajuli 18 hadi 19, ikiwa na unyevu wa asilimia 50 unabaki na kama 8 hivi, maana joto lingine linaishia kuchemsha maji. Chukua sampuli, pima uzito, weka kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito uache kushuka, kisha (mbichi toa kavu) gawa kwa mbichi mara 100. Peleti (vipande vidogo vya kuni vilivyoshindiliwa) nzuri iko chini ya asilimia 10. Pima kila mzigo unaoingia, sio sampuli ya kwanza ambayo muuzaji kakuchagulia mwenyewe.

HATUA YA 3: Angalia jivu
Pumba za mpunga zinaacha jivu kama asilimia 20, karibu lote silika (kitu kilekile cha mchanga). Majani makavu ya nafaka yana potasiamu na klorini, jivu linayeyuka, linaganda ndani ya tanuri na kula mabomba.

HATUA YA 4: Malighafi ikuchagulie njia
Mbichi yenye maji kama kinyesi na mabaki ya chakula, bayogesi. Kavu, briketi au peleti. Sukari na wanga, ethanoli. Mafuta, bayodizeli. Kukausha kinyesi kwa moto ili upate briketi ni kuchoma hela.

HATUA YA 5: Piga hesabu ya usafiri
Majani yasiyoshindiliwa hayafiki kilo 100 kwa mita ya ujazo, peleti zinapita 600. Yaani lori limejaa hewa. Ikitoka vizuri hapo, ndo uulize mashine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mafuta ya kukaangia yaliyotumika siyamwagi tu kwenye tanki la dizeli? Si injini ya Diesel ilishaonyeshwa Paris 1900 ikitumia mafuta ya karanga?
Jibu: Ilionyeshwa kweli, ila nozeli za sasa ni nyembamba na mafuta hayo ni mazito, zitaziba. Lazima uyachanganye na methanoli na kichocheo kwenye joto la nyuzi 60 hivi, utoe gliserini. Pima asidi kwanza, ikiwa juu utapata sabuni. Na methanoli ni sumu halafu inawaka, usifanyie jikoni.

Swali: Mbono kaburi (jatropha) vipi, ule wa mbegu za mafuta? Walisema unaota hata kwenye ardhi mbovu.
Jibu: Unaota ndio, kuzaa ndo shida. Watu walipanda kwa fujo miaka ya 2000 na kitu, kwenye ardhi kame mbegu zikawa kiduchu, tena mashudu yake yana sumu huwezi kulisha mifugo. Mimi siugusi.

Swali: Soko la mafuta ya ndege yanayotengenezwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyotumika lina ukweli au kelele tu?
Jibu: Lipo. Umoja wa Ulaya umelazimisha asilimia 2 ya mafuta ya ndege yawe ya aina endelevu, yasiyo ya petroli ya kawaida, kuanzia 2025, 6 ifikapo 2030. Lakini mafuta ya kukaangia yaliyotumika hayatoshi dunia nzima, ndo maana kuna tuhuma za watu kuuza mafuta mapya ya mawese kama makuukuu. Kama unakusanya, tunza risiti za kila chanzo, wanunuzi wanazidai.

Swali: Bayogesi yangu inanuka mayai viza na jiko limeanza kutu.
Jibu: Hiyo ni haidrojeni salfaidi. Pitisha gesi kwenye bomba lenye vyuma vilivyoshika kutu, mfano steel wool kuukuu, na ubadilishe zikiwa nyeusi. Zikitoka ziache zipoe nje kwa uwazi, mbali na chochote kinachowaka, maana zinaweza kupata moto zenyewe. Na usiinamie tanki kunusa, ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa kabla haijakuua wewe.