Umepunguzwa kazi na unahisi umebaguliwa? Yaandae haya kabla ya kwenda Tume

Jirani yangu hapa Sakina alikuwa akitandika vyumba kwenye hoteli moja mjini Arusha. Desemba 12 akapewa barua ya kupunguzwa kazi, ajira ikakoma siku hiyohiyo, naye ana mimba ya miezi mitano. Barua ikaingia kwenye begi, mwenyewe akapanda basi kwenda Rombo kula Krismasi. Alirudi katikati ya Januari ndipo akaniuliza, "Dada, hii naipeleka wapi?"

Inapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wengi tunaiita CMA. Ila mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na zake ziliisha Januari 11. Ikabidi aanze kwa kuomba asamehewe kuchelewa, na "nilikuwa nyumbani kwa sikukuu" ni sababu ngumu kuitetea. Basi andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona kila asubuhi.

Halafu jiulize bila kujidanganya: nimeonewa, au nimebaguliwa? Hapa wengi huteleza. Bosi kukuchukia ni uonevu, na huenda bado una madai ya kuachishwa bila sababu halali. Lakini ubaguzi unaozungumzwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 unataka msingi wenye jina: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, VVU, maoni ya kisiasa na mingine iliyotajwa humo. Ukisema tu "walinionea" hujasema kitu. Ukisema "tulikuwa wanane idara moja, wameondoka watatu, na wote watatu ni wajawazito au wananyonyesha", sasa mwajiri ana kazi ya kueleza. Ukishaonyesha dalili za awali, ni juu yake kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kwa hiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote utaiandika mwenyewe, kwa kalamu, kumbukumbu ikiwa bado mbichi: majina ya wenzako wa cheo chako, kila mmoja alianza lini, nani kabaki, nani katoka, nani kaajiriwa baada yako na bado yupo. Jirani yangu aliijaza nyuma ya kalenda, na humo ndimo tulimwona binti wa miezi saba kazini aliyebakizwa, wakati yeye ana miaka sita.

Angalia pia walivyofika hapo. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia yake mapema na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, namna ya kuepuka punguzo na vigezo vya kuchagua wa kuondoka. Kikao kilikuwepo? Ulisaini mahudhurio? Kigezo kilitajwa? Kama wote mliitwa ofisini mkakabidhiwa bahasha, liandike hivyohivyo.

Simu ya kazini usiirudishe kabla hujatunza jumbe zako. Lile neno la msimamizi kwenye grupu, "wenye matumbo watatuchelewesha", likifutika limefutika. Weka pamoja mkataba, slipu za mshahara na barua zote. Fomu ya "nimepokea haki zangu zote" isome kwanza, piga hesabu: kiinua mgongo hakipungui siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Hukubaliani? Andika hivyo pembeni ya sahihi yako.

Mwisho ni Fomu Namba Moja yenyewe, ile unayojaza kupeleka mgogoro wako Tume. Nakala lazima imfikie mwajiri, nawe uwe na uthibitisho. Mlinzi wa getini akigoma kuipokea, itume kwa rejista, na risiti ya posta uibane kwenye nakala yako palepale kaunta.