Namna ya Kulikagua Kaburi la Lincoln: Anza Chini Ndipo Utazame Juu

Kaburi la Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, lipo kwenye makaburi ya Oak Ridge, mjini Springfield, jimbo la Illinois, Marekani. Wageni wengi hufika, wakainua macho kwenye mnara, wakapiga picha, kisha wakaingia ndani wakidhani kila ukuta wanaouona ni wa mwaka 1874. Ukweli ni kwamba hapo pana tabaka tatu za ujenzi: 1874, 1901 na 1931. Asiyezitenganisha ataondoka na picha nzuri bila kuelewa jengo. Kinachosaidia ni mpangilio wa matembezi: anza chini ya kilima, upande wa kaskazini, na mnara uwe wa mwisho kwa mambo ya nje.

Chini ya kilima utakikuta chumba cha mawe kilichochimbwa ubavuni mwa mteremko, chumba cha muda cha kuhifadhia majeneza. Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akafariki asubuhi iliyofuata, na jeneza lake likaingizwa humo tarehe 4 Mei baada ya safari ndefu ya treni kutoka Washington. Wakubwa wa mji walitaka azikwe katikati ya Springfield. Mjane wake, Mary, alikataa katakata, akashikilia kuwa ni Oak Ridge, na msimamo wake ndio ulioshinda. Kumbuka jambo hilo unapopanda: kilima hiki kilichaguliwa na familia, na mchoraji wa jengo ilimbidi aufuate uamuzi huo.

Ukifika juu, usitazame mnara bado. Zunguka kitako chote kwanza. Ni mraba ulioongezewa nusu duara mbili: ya kusini ndiyo lango, ya kaskazini ndiyo iliyokusudiwa maziko. Larkin Mead, mchongaji kutoka Vermont, alishinda shindano la michoro, na jengo lilizinduliwa tarehe 15 Oktoba 1874 mbele ya Rais Ulysses Grant. Unachokiona kwa nje ni graniti ya Quincy, Massachusetts, lakini nyuma yake ni matofali.

Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Msingi wa kwanza haukuchimbwa hadi kwenye ardhi imara ya kuubeba uzito wote ule, kwa hiyo jengo likatitia, na halikutitia sawasawa. Jengo likizama kwa usawa huweza kuishi miaka mingi. Likizama upande mmoja, viungo vya mawe hufunguka, maji ya mvua yakapenya hadi kwenye matofali, na baridi ya Illinois huyagandisha yakavimba na kuupanua ufa kila msimu. Hakuna plasta wala saruji ya kuziba juu juu inayotibu ugonjwa wa aina hiyo. Serikali ya jimbo, iliyolichukua kaburi mwaka 1895, iliamua kulivunja na kulijenga upya juu ya msingi wa kina zaidi, kazi iliyokamilika mwaka 1901.

Ukitaka kujizoeza kukagua, simama kwenye kona na ufuate kwa jicho mstari mmoja wa mlalo wa viungo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari ulionyooka ni dalili njema. Kwenye jengo lolote la mawe, michirizi myeupe chini ya kiungo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ndani. Ukiiona, tafuta kiungo kilichofunguka juu yake, si pale pale michirizi ilipo.

Sasa nenda nusu duara ya kaskazini. Usiku wa tarehe 7 Novemba 1876, wezi waliotumwa na genge la watengeneza noti bandia waliingia humo. Walitaka kuiba maiti, wadai dola 200,000 na kuachiliwa kwa mchongaji wao wa noti aliyekuwa gerezani. Kilichowazuia mlangoni kilikuwa kufuli moja tu. Mfuniko wa sanduku la marumaru ulikuwa umegandishwa kwa plasta. Wakauondoa na kuanza kulivuta jeneza. Mmoja wao alikuwa mtoa habari wa siri wa serikali, kwa hiyo nusura wakamatwe papo hapo; walitoroka, lakini walitiwa mbaroni siku chache baadaye huko Chicago. Baada ya hapo walinzi walilificha jeneza chini ya jengo, huku wageni wakiendelea kutoa heshima mbele ya sanduku tupu.

Suluhisho la kudumu lilikuja tarehe 26 Septemba 1901, kwa agizo la Robert, mwana pekee wa Lincoln aliyekuwa bado hai. Jeneza lilishushwa futi 10, yaani takriban mita 3, chini ya sakafu, likawekwa ndani ya kizimba cha chuma, kisha zege likamiminwa juu yake. Halijaguswa tangu siku hiyo.

Kwa hiyo ukiingia ndani na kukuta jiwe kubwa jekundu la marumaru lenye uzito wa tani 7, usiseme Lincoln amelala humo. Ni jiwe la kumbukumbu tu. Mapambo ya ndani karibu yote, pamoja na korido na sanamu ndogo za shaba, ni ya ukarabati uliozinduliwa na Rais Herbert Hoover mwaka 1931. Ukutani, mkabala na jiwe hilo, wamezikwa Mary na wana watatu: Eddie, Willie na Tad. Robert amezikwa kwenye makaburi ya taifa ya Arlington, karibu na Washington.

Rudi nje, na sasa tazama juu. Mnara una futi 117, karibu mita 36. Kwenye pembe za kitako chake pana makundi manne ya shaba: askari wa miguu, mizinga, wapanda farasi na wanamaji. Lincoln mwenyewe amesimama upande wa kusini, kwa hiyo jua humwangazia sehemu kubwa ya mchana. Picha za kaskazini zitakuwa na kivuli, na siku ya mawingu ndiyo inayofaa zaidi upande huo.

Mbele ya lango kuna kichwa cha shaba, kazi ya mchongaji Gutzon Borglum, kinachomwonyesha Lincoln, ambacho pua yake inang'aa kama dhahabu kwa kusuguliwa na wageni wanaotafuta bahati. Mikono huondoa rangi ya kinga ya shaba, na jasho lenye chumvi huendelea kuila. Mng'ao huo ni uharibifu, hata kama umekuwa desturi. Kiangalie, ukipige picha, usikiguse.