SOMO: Kununua tovuti iliyo tayari ili ule pesa ya matangazo

Salaam wakuu. Inboksi yangu imejaa swali moja: "Nimeona tovuti inauzwa, ina AdSense tayari, ninunue?" AdSense ni mpango wa Google unaowalipa wenye tovuti kwa matangazo. Naandika jibu lote hapa, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo hiki.

Unachonunua ni domeni (anwani ya tovuti), makala na wasomaji. Akaunti ya AdSense hainunuliwi. Google hawaruhusu ihame kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, na kila mlipwaji anatakiwa awe na moja tu. Anayekuuzia "akaunti iliyoshakubaliwa" anakuuzia kisicho chake, na siku ya kuthibitisha kitambulisho pesa inakwama humo humo.

1. Fungua akaunti yako mwenyewe. Uwe na miaka 18 au zaidi, na jina liwe lile lile la benki.

2. Tafuta tovuti. Soko linalojulikana zaidi ni Flippa. Kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp zipo pia, ila huko hakuna wa kukushikia pesa.

3. Dai uthibitisho. Picha ya skrini si uthibitisho: namba yoyote kwenye ukurasa inabadilishwa kwa kivinjari ndani ya dakika moja, kisha inapigwa picha. Mwambie akuongeze kama mtazamaji kwenye Google Analytics (inahesabu wasomaji wote) na kwenye Search Console (inahesabu wanaotoka kwenye utafutaji wa Google tu). Search Console hutunza takwimu za miezi 16. Angalia mstari wa kliki unapanda au unashuka, na kama kuna adhabu yoyote ya Google. Mapato ayaonyeshe kwa simu ya video, wewe ukimwamuru: pakia upya ukurasa, badilisha tarehe, fungua kituo cha sera cha AdSense (ukurasa unaoonyesha makosa ya tovuti). Hapo kwenye kituo cha sera wengi hawafiki. Tovuti ikiwa imezuiwa matangazo kwa kukiuka sera, zuio linabaki kwenye tovuti hata ikibadilisha mwenye.

4. Chunguza ilikotoka. Ingiza domeni kwenye web.archive.org, inayotunza nakala za kurasa za zamani. Kama miaka mitatu iliyopita ilikuwa ya kliniki na leo ni ya kubeti, achana nayo. Tangu Machi 2024 Google wanahesabu kama taka mtindo wa kufufua domeni iliyokwisha muda kwa ajili ya jina lake tu, na makala zilizofyatuliwa kwa wingi bila faida kwa msomaji ziko kwenye kundi hilo hilo.

5. Bei. Chukua faida ya wastani wa miezi 12, usichukue mwezi mnono peke yake. Ndogo nyingi huuzwa kwa mara 20 hadi 40 ya faida ya mwezi. Inayoingiza dola 60 kwa mara 24 ni dola 1,440, yaani miaka miwili kabla pesa yako haijarudi, na hiyo ni kama wasomaji hawajapungua. Toa kwanza gharama za seva na mwandishi. Wauzaji hupenda kuzisahau.

6. Lipa kupitia mtu wa kati kama Escrow.com. Pesa iachiwe domeni ikishaonekana kwenye akaunti yako, si kabla.

7. Hamisha domeni. Mkiwa na msajili (kampuni inayosajili domeni) mmoja ni suala la dakika. Mkiwa na wasajili tofauti, kwa .com anaifungua, anakupa msimbo wa uhamisho, unasubiri kama siku tano hadi saba. Iliyosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita kwa kawaida haihami kwa msajili mwingine. Muulize tarehe kabla ya kulipa. Za .tz zina taratibu zake kupitia wasajili walioidhinishwa.

8. Hamisha mafaili na hifadhidata, badilisha nywila zote, futa kila msimamizi usiyemjua ndani ya WordPress (programu inayoendesha tovuti nyingi za aina hii). Themu (muundo wa mwonekano) au plagini (programu ya nyongeza) ya wizi, ifute siku hiyo hiyo.

9. Badilisha matangazo. Hapa soma taratibu. Kila msimbo wa tangazo una namba ya mchapishaji inayoanza na pub- kisha tarakimu 16. Namba ya muuzaji ikibaki hata sehemu moja, pesa ya sehemu hiyo inaendelea kwenda kwake, na hutapata onyo lolote, kwa sababu matangazo yanaonekana vizuri kabisa. Hujificha kwenye header.php ya themu, kwenye plagini ya matangazo, kwenye wijeti za pembeni, na pabaya kuliko pote, katikati ya makala za zamani zilizobandikwa msimbo kwa mkono. Fungua ukurasa wa mwanzo, makala mpya na makala kongwe. Kwa kila mmoja tazama chanzo cha ukurasa na utafute "ca-pub-". Kisha ingia phpMyAdmin (chombo cha kufungulia hifadhidata), tafuta neno hilo kwenye jedwali za wp_posts na wp_options.

Halafu faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti. Futa mstari wake, weka wako:

google.com, pub-NAMBA YAKO, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Hicho kipande cha mwisho ni cha Google, ni kile kile kwa wachapishaji wote, usikiguse. Safisha kashe, la sivyo wasomaji wataendelea kuletewa kurasa za zamani zenye namba ya zamani.

ONYO: ongeza tovuti kwenye AdSense yako na usubiri ipitiwe. Huchukua siku chache, wakati mwingine wiki mbili hadi nne. Nafasi za matangazo zitakuwa tupu kipindi hicho, ni kawaida. Usirudishe msimbo wa muuzaji eti zisikae bure. Usibofye matangazo yako, wala usiwatume ndugu.

MASWALI

Kishoka_TZ: Mkuu naomba kujua bei ya tovuti yenye AdSense tayari.

Mwandishi: Soma aya ya pili.

BintiMkwajuni: Asante kwa somo. Nimeongezwa kwenye Analytics, inaonyesha wasomaji 40,000 kwa mwezi, ila Search Console inasema kliki 1,900. Hao wengine wanatoka wapi?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Fungua ripoti ya vyanzo. Wakiwa wa Facebook au Pinterest, wanaweza kuwa watu halisi, ila muulize kama ukurasa huo wa Facebook unauzwa pamoja na tovuti. Usipouzwa, wasomaji wanabaki naye. Wengi wakiwa wameingia moja kwa moja, angalia muda wanaokaa na miji yao. Sekunde moja au mbili kila mmoja, tena wote kutoka mji mmoja wenye vituo vya seva, hao ni roboti. AdSense wakiwagundua wanakata mapato, na akaunti inayofungwa ni yako. Usinunue mpaka akupe jibu linaloeleweka.

Mzee wa Kliki: Mimi nilishafungiwa. Nitumie jina la wife?

Mwandishi: Hapana. Wakiunganisha hizo mbili, na yake inafungwa.

Mzee wa Kliki: Mbona wengine wanafanya?

Mwandishi: Umeuliza, nimekujibu.

Pwani_Digital: Za Kiswahili zinalipa au ninunue ya Kiingereza?

Mwandishi: AdSense wanakubali Kiswahili. Bei ya tangazo inafuata zaidi msomaji alipo: aliye Marekani au Uingereza hulipiwa zaidi ya aliye Tabora. Ya Kiswahili yenye wasomaji wengi walioko nje inaweza kuipita ya Kiingereza yenye wasomaji wa hapa tu. Tazama orodha ya nchi kabla ya lugha.

Mama Nunuu: Naongezea. Ukifikisha dola 10 AdSense wanatuma PIN ya kuthibitisha anwani yako kwa barua ya posta. Andikeni S.L.P. sahihi, na jina liwe la mwenye sanduku au mjulisheni mwenye sanduku. Ikipita miezi minne bila kuiingiza, matangazo yanasimama.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na kiwango cha kulipwa ni dola 100, lakini unaweza kukipandisha mwenyewe kwenye mipangilio ya malipo. Benki nyingi hukata ada kwa kila muamala unaotoka nje, si kwa asilimia, kwa hiyo kupokea 300 mara moja kunakuachia zaidi kuliko 100 mara tatu.